Nasaba ya familia ya Cobh: anzia kwenye nyumba, si kwenye jina

SWALI: "Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Cork, Ayalandi, na tuna watoto watatu. Mavyaa wangu na marehemu bavyaa wote ni watu wa Cobh, mji ulio ndani ya ghuba ya bandari ya Cork. Juzi mavyaa alinikabidhi bahasha ya picha za zamani, vyeti viwili na kitabu cha sala kilichojaa kadi za kumbukumbu za marehemu, akaniambia nizitunze kwa kuwa wanawe hawana subira. Wakati huohuo kuna familia ya Boston inayotuandikia kuwa sisi ni ndugu, kwa sababu babu yao mkubwa alikuwa Sullivan kama sisi na 'alitoka Queenstown', jina la zamani la Cobh. Kwetu nasaba wanaishika wazee kichwani. Huku sijui pa kuanzia. Nianze vipi, na nikipata kitu niwashirikishe vipi watoto, mavyaa na hao wa Boston bila kuzua fitina?"

JIBU:

Dada yangu, mavyaa wako amekupa amana, na kwa jinsi ulivyouliza naona ameipeleka panapostahili. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu hilo la Boston ndilo linalovuruga kazi za watu wengi, na haliwezi kukaa sawa mpaka ya nyumbani yawe yamekaa sawa.

Shika jambo moja kabla ya yote: familia ya Kiayalandi haifuatwi kwa jina, inafuatwa kwa mahali. Kina Sullivan katika kaunti ya Cork ni wengi kupita kiasi, na majina yao ya kwanza ni yaleyale machache: John, Daniel, Jeremiah, Cornelius, Timothy, Mary, Ellen, Johanna, Margaret. Desturi ya zamani ilikuwa mtoto wa kiume wa kwanza apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na binti wa kwanza jina la bibi mzaa mama. Sisi wa pwani hatushangai desturi ya namna hiyo. Lakini fikiria matokeo yake. Ndugu wanne wa kiume wakioa, kila mmoja ana Daniel wake, na hao kina Daniel wanabatizwa kanisa moja, wanasoma shule moja, na pengine wanaoa mwaka mmoja. Jina halitakwambia yupi ni yupi. Nyumba, barabara, kitongoji na parokia ndivyo vitakavyokwambia.

Na mahali penyewe pana mitego yake. Cobh umesimama juu ya kisiwa kiitwacho Great Island, na umebadilisha jina mara mbili. Uliitwa Cove mpaka Malkia Victoria alipoutembelea mwaka 1849, ndipo ukapewa jina la Queenstown. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, uhuru ulipokuwa ukija, ukarudishiwa jina lake kwa tahajia ya Kiayalandi. Kwa hiyo bibi mmoja aliyeishi nyumba moja maisha yake yote anaweza kuwa na cheti cha ubatizo kinachosema Cove, cha ndoa kinachosema Queenstown, na cha kifo kinachosema Cobh.

Mtego wa pili uko kanisani. Mji uko kaunti ya Cork, lakini kanisa lake kuu, lile la Mtakatifu Colman linaloonekana juu ya mlima kutoka baharini, ni la dayosisi ya Cloyne. Ukitafuta ubatizo kwenye madaftari ya dayosisi ya Cork utarudi mkono mtupu na kudhani hawakubatizwa. Mtego wa tatu ni parokia za kiraia, zile za serikali ambazo mipaka yake hailingani na ya Kanisa Katoliki. Mji umegawanyika kati ya mbili: Templerobin, ambayo ina sehemu kubwa, na Clonmel. Hiyo Clonmel haihusiani na mji mkubwa wa Clonmel ulio kaunti ya Tipperary. Nimeona shajara za ukoo nzuri kabisa zikihamishwa kaunti nzima kwa sababu mtu aliliona neno hilo kwenye daftari na hakuangalia liko wapi.

Sasa kaa na mavyaa wako. Usimuulize "babu yako alizaliwa lini", maana swali hilo humfanya mzee aone kama yuko kwenye mtihani, akisahau tarehe anaona haya na kunyamaza. Muulize kuhusu nyumba. Nani aliishi chumba cha juu? Jirani wa kulia alikuwa nani, na mlikuwa mkimwita jina gani? Maji mlichota wapi? Nani alifanya kazi kwenye karakana ya majini kisiwani Haulbowline, nani alikuwa kwenye meli, nani alikuwa dukani? Krismasi barua za Marekani zilitoka mji gani? Mweke picha mkononi anapozungumza, na umrekodi kwa simu kwa ruhusa yake. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini majina na nani aliyekutajia, maana wino wa kalamu hupenya ukafika upande wa pili. Zile kadi za marehemu usizione ni vitu vya sala tu. Nyingi zina tarehe ya kifo, umri, na mara nyingine anwani, na zinakupa watu ambao hakuna aliye hai anayewakumbuka.

Halafu nenda kwenye sensa. Sensa mbili kamili zilizosalia za kabla ya uhuru ni ya tarehe 31 Machi 1901 na ya tarehe 2 Aprili 1911, na zote Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeziweka mtandaoni bure, pamoja na picha za fomu zenyewe. Tafuta Queenstown, si Cobh. Anza na 1911, kwa kuwa fomu yake inamuuliza mwanamke aliyeolewa ameishi na mumewe miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi bado wako hai. Safu hiyo inauma kuisoma. Utakuta mama aliyezaa 11 na kubaki na 6, na hao watano hakuna aliyewahi kuwataja mezani. Ila ni safu yenye faida kuliko zote. Ukitoa miaka ya ndoa kutoka 1911 unapata mwaka wa kutafuta cheti cha ndoa, na hesabu ya watoto inakwambia utafute wangapi kabla ya kusema umemaliza. Usiishie kwenye nyumba yao. Soma barabara nzima, mlango kwa mlango. Shemeji, binamu na mkwe mtarajiwa mara nyingi wako nyumba ya tatu.

Umri ulioandikwa usiuamini sana. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa mwaka 1908, na malipo yakaanza Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70. Wazee wale walizaliwa kabla serikali haijaanza kusajili vizazi, na wengi hawakuwa wakijua umri wao kwa hakika. Hivyo utamkuta mtu mwenye miaka 58 mwaka 1901 na 71 mwaka 1911. Si uongo mtupu: wengine ndipo walipokaa kwa mara ya kwanza kuuhesabu umri wao, na wengine walikuwa na njaa.

Pensheni hiyohiyo imetuachia zawadi, lakini kabla ya kuieleza lazima niseme habari ya moto. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Nyaraka za Umma iliyokuwa ndani ya jengo la Four Courts, Dublin, iliteketea. Humo ziliungua karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, wasia za karne nyingi, na zaidi ya nusu ya madaftari ya Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana, yaliyokuwa yamepelekwa huko yahifadhiwe salama. Watu husema kila kitu kiliungua. Si kweli. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe miaka mingi kabla ya moto, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia karatasi ilipoadimika. Madaftari ya Kikatoliki hayakuwamo jengoni, yalikuwa kwa mapadri. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo haukuwamo pia. Kwa hiyo mtu akikukatisha tamaa kwa habari ya moto, jua kwamba familia ya Kikatoliki ya Cobh haikupoteza kila kitu siku ile.

Na zawadi niliyoitaja ni hii. Wazee walioomba pensheni bila cheti cha kuzaliwa waliruhusiwa kuomba makarani wawatafute kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwapo bado. Karani alifungua sensa, akaandika kwenye fomu majina ya wazazi, kitongoji, na alichokikuta. Sensa ziliungua, fomu zikabaki. Nazo ziko mtandaoni bure. Kama ukoo wa mumeo ulikuwa na mtu wa miaka 70 kati ya 1909 na 1922, fomu moja inaweza kukuvusha mpaka kabla ya ile Njaa Kuu iliyoanza 1845, ukaiona familia ikiwa nyumbani, watoto wote wakitajwa.

Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Aprili 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki tu, na tarehe 1 Januari 1864 kwa kila mtu: vizazi, ndoa na vifo. Tovuti ya serikali ya nasaba inaonyesha picha za rekodi hizo bure: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, na vifo vilivyopita 50. Cheti cha kuzaliwa kina jina la mama la kwao, nalo ndilo ufunguo wako, maana Daniel mwana wa John Sullivan na Ellen Ahern si Daniel mwana wa John Sullivan na Mary Walsh. Cheti cha ndoa cha zamani kina majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao, lakini mama hawatajwi. Cheti cha kifo cha zamani cha Ayalandi hakina wazazi kabisa. Hapo angalia aliyetoa taarifa, maana mara nyingi ni binti aliyeolewa, na ndipo unapopata jina lake jipya na anwani yake. Ukikuta mtoto amebatizwa wiki moja kabla ya "kuzaliwa" usidhani umechanganya watu. Kuchelewa kusajili kulitozwa faini, na mzazi aliyechelewa alisogeza tarehe mbele kidogo. Kanisa halikutoza, hivyo tarehe ya kanisa ndiyo ya kuaminiwa.

Madaftari ya parokia za Kikatoliki mpaka takriban 1880 yamepigwa picha na Maktaba ya Taifa, na tangu Julai 2015 yanasomwa bure. Andiko ni la mkono wa padri mwenye haraka, mara nyingi kwa Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Na watu wa Cork wana majina yanayogeuka mtu yuleyule: Jeremiah huitwa Darby, Cornelius huitwa Con, Timothy huitwa Thady, Eugene ni Owen, Johanna ni Hannah, Honora ni Nora, Bridget akifika Marekani anakuwa Delia. Herufi ya O mbele ya Sullivan ilidondoshwa na kurudishwa kadiri ya nyakati, basi tafuta kwa namna zote mbili. Andika kila mara majina ya wasimamizi wa ubatizo. Hawakuokotwa njiani. Walikuwa shangazi, mjomba, wifi, na ukiwapanga wasimamizi wa watoto wote wa nyumba moja, unaona ukoo wa mama ukijitokeza wenyewe bila daftari jingine.

Kwa baada ya 1880 itabidi uiandikie ofisi ya parokia kwa adabu na subira, wape muda, na utoe sadaka kidogo. Waombe wasome na pambizo. Tangu Pasaka ya 1908 Kanisa liliagiza ndoa ya mtu iandikwe kando ya ubatizo wake popote alipoolea, na hivyo kwenye ukingo wa daftari la Cobh unaweza kukuta kwamba msichana aliyepotea kwenye masimulizi alifunga ndoa Boston au Liverpool, na mwaka wake, na kanisa lake.

Kabla ya 1864, kwa upande wa nyumba, kuna Tathmini ya Griffith, iliyofanywa kati ya 1847 na 1864 ili kutoza kodi. Kaunti ya Cork ilikuwa miongoni mwa zilizopata zamu mwanzoni mwa miaka ya 1850. Inamtaja mwenye nyumba au mpangaji mkuu tu, si mke wala watoto wala mpangaji wa chumba. Mtu akikosekana humo haimaanishi hakuwapo, huenda alikuwa maskini tu. Faida yake ni namba ya kiwanja kwenye ramani. Madaftari ya marekebisho yaliyofuata, ambayo yamehifadhiwa Dublin, yanaonyesha jina la mkaaji likikatwa kwa wino wa rangi nyingine na jipya kuandikwa juu yake. Ukiifuata nyumba moja humo, unaona baba akitoka, mjane akiingia, mwana akirithi, mpaka unakutana na watu ambao mavyaa anawakumbuka kwa sura.

Familia ya Cobh vilevile huwezi kuitafuta nchi kavu tu. Mji huo uliishi kwa bahari. Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na kambi na karakana Haulbowline, kisiwa cha Spike kilikuwa ngome na kuanzia 1847 mpaka 1883 gereza la wafungwa, na ngome za bandari hazikukabidhiwa kwa Waayalandi mpaka Julai 1938. Kwa hiyo usishtuke ukikuta babu mmoja ni baharia wa Devon au mlinzi wa pwani, kada ambayo watu wake walihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Faili zao haziko Dublin. Ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Na mwambie mumeo asifadhaike: miji yote ya bandari ina damu iliyokuja na meli, na sisi wa Mombasa tunalijua hilo bila kufundishwa.

Sasa Boston. Inakadiriwa kwamba watu milioni 2.5 waliihama Ayalandi kupitia bandari hiyo moja kati ya 1848 na 1950. Walitoka Kerry, Limerick, Tipperary, Clare, Galway. Walifika kwa reli, iliyofika mjini 1862, wakalala kwenye nyumba za wageni usiku mmoja au mitatu, wakachukuliwa kwa mashua mpaka kwenye meli kubwa iliyotia nanga nje. Karani wa Marekani akiuliza "umetoka wapi" alijibiwa Queenstown, na wajukuu wakalirithi jibu. Ni sawa na mtu kutaja Kilindini kuwa ndiko asili yake kwa sababu babu yake alipandia meli pale. Abiria 123 walioingia Titanic hapo tarehe 11 Aprili 1912 ni mfano ulio wazi: wengi wao walikuwa vijana wa daraja la tatu kutoka vijiji vya mbali, na mji wenyewe waliuona kwa siku chache tu.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Annie Moore. Alipanda meli ya Nevada Queenstown Desemba 1891 pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokewa Ellis Island, New York. Magazeti yaliandika ana miaka 15; rekodi zinaonyesha alikuwa na 17. Sanamu yake na wadogo zake iko kando ya maji hapo Cobh, ilizinduliwa 1993 na Rais Mary Robinson. Lakini msichana huyo ni wa mjini Cork, si wa Cobh. Na kwa miaka mingi Wamarekani walimuenzi Annie Moore mwingine kabisa, aliyekwenda Texas na kufa huko, mpaka mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipoonyesha mwaka 2006 kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois. Annie halisi hakwenda magharibi. Aliishi mitaa ya maskini ya New York, akaolewa na Joseph Schayer, akafa 1924, akazikwa kwenye makaburi ya Calvary bila jiwe mpaka 2008. Familia ya Texas haikudanganya. Ilikuwa na jina sahihi na hadithi nzuri, na hakuna aliyeuliza cheti.

Basi wajibu watu wa Boston kwa ukarimu, ila uwaulize hivi: mna cheti cha ndoa au cha kifo cha babu yenu kutoka Massachusetts? Jimbo hilo lilikuwa likiandika majina ya wazazi wote wawili, na mara nyingi jina la mama la kwao, jambo ambalo Ayalandi haikulifanya kwenye vifo. Kama alisafiri kuanzia 1907, orodha ya abiria ya Marekani ilimtaka amtaje ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani na anwani yake, na hapo ndipo kitongoji kinapojitokeza. Kama alisafiri zamani zaidi, gazeti la Boston Pilot lilichapisha tangu 1831 hadi 1921 matangazo ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana, yakitaja parokia na kitongoji cha kwao. Chuo cha Boston kimeyaweka mtandaoni. Yasome hata kama hutapata mtu wako. Mke anamtafuta mume aliyetangulia kwenda kujenga reli, dada anamtafuta kaka, wakitajana kwa kijiji na meli.

Wakitaka kipimo cha DNA, fikiri kwanza ni nani wa kupimwa. Mavyaa wako hana damu ya Sullivan, ameolewa tu huko. Anayefaa ni kaka au dada wa bavyaa aliye hai, kwa kuwa yuko kizazi kimoja karibu zaidi kuliko mumeo. Na kipimo kitakwambia kuna undugu na takriban wa mbali kiasi gani. Hakitakwambia unapitia kwa nani. Hilo linarudi kwenye madaftari. Kabla mtu hajatema mate kwenye kichupa mweleze kwamba majibu yanaweza kuleta ndugu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Hapo ndipo fitina unayoiogopa inapokaa, na sitaki kuipunguza. Katika utafiti wa Ayalandi utakutana na binti aliyezaa kabla ya ndoa na mtoto akalelewa kama mdogo wake, na cheti kisicho na jina la baba. Kwa upande wa Cork, unaweza kuangukia kwenye Bessborough, moja ya nyumba za akina mama wasioolewa na watoto wao, iliyofanya kazi kuanzia 1922 mpaka 1998. Watoto wengi waliotoka humo walilelewa na familia nyingine, na sheria ya mwaka 2022 imewapa haki ya kupata vyeti vyao na taarifa za kuzaliwa kwao. Wako hai, na mama zao wengine wako hai. Ukikuta jambo la namna hii, kwanza mwendee mavyaa peke yenu, bila watoto, bila kundi la WhatsApp la familia, umwambie umekuta nini na umuulize angependa lifanyweje. Mara nyingi analijua tayari, na amekuwa akilibeba peke yake miaka 60. Msimamo wangu ni huu: ya waliokufa ni ya familia nzima na hayastahili kufutwa, ya walio hai ni yao wenyewe. Shajara utakayowatumia wa Boston isiwe na jina wala tarehe ya mtu yeyote aliye hai, wakiwemo wanao.

Kuhusu namna ya kushirikisha, usiwatumie watu mti wenye visanduku 200. Hakuna anayeusoma. Andika nyumba. Chukua nyumba moja ya Cobh na usimulie nani aliishi humo mwaka 1901, nani 1911, nani alitoka kwenda wapi, ukiweka picha ya fomu ya sensa kando ya picha ya mavyaa akiwa mdogo. Chini ya kila maelezo sema umeyapata wapi, kwenye cheti, daftari au mdomo wa nani na siku gani, na yale unayodhani yatenge waziwazi na yale uliyothibitisha. Ukifanya hivyo hata anayepingana nawe atapinga karatasi, hatapingana na wewe. Makumbusho ya Cobh, yaliyo ndani ya kanisa la zamani la Wapresbiteri, na maktaba ya mji ni mahali pazuri pa kupeleka nakala ya picha zenye majina. Picha ya barabara ambayo kwako ni ya shangazi fulani, kwa jirani ni ushahidi pekee wa duka la babu yake.

Watoto wako wape kazi iliyowahi kufanywa na watoto wenzao. Kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi katika kaunti 26 za taifa huru waliambiwa waende wakawaulize wazee habari za kale za mahali pao, wakaziandika kwenye madaftari: visima, majina ya mashamba, ajali za baharini, tiba, mizimu, walioondoka. Zilipatikana kurasa karibu 740,000, na leo mkusanyiko wote uko mtandaoni kwenye tovuti ya Dúchas. Watafutie kurasa za shule zilizo karibu na kwao, wasome mwandiko wa mtoto wa miaka 12, halafu wamuulize bibi yao maswali yaleyale. Na wewe, yaandike kwa Kiswahili pia. Wana bibi mwingine Mombasa ambaye ana haki ya kujua wajukuu zake ni wa nani, na nasaba ya kwenu iingie kitabu hichohicho, ukurasa unaotazamana na ule wa kina Sullivan.

Muulize mavyaa vilevile kama kuna shangazi aliyekuwa sista. Familia za Cork zilitoa wengi, na baadhi walikuja kwetu: masista wa Loreto wako Kenya tangu 1921. Mashirika hayo hutunza kumbukumbu za kila mtawa, na barua aliyoandika kutoka Nairobi inaweza kuwa inasubiri mtu wa kuiulizia, nawe ungeisoma ukizijua njia anazozitaja.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Sensa ya kwanza ya taifa huru ilifanyika tarehe 18 Aprili 1926, na kwa sheria ya miaka 100 kizuizi chake kinaisha Aprili 2026. Itakuonyesha Cobh baada ya Waingereza kupungua, na huenda wazazi wa bavyaa wakiwa watoto. Kwa sasa nitumie mambo matatu: anwani iliyoko kwenye kile cheti cha zamani zaidi kati ya viwili ulivyonavyo, jina la kwao la mama aliyetajwa humo, na kadi ya marehemu yenye tarehe ya mbali kuliko zote. Nikishayaona nitakwambia ni daftari lipi la parokia ulifungue kwanza na kuanzia mwaka gani.